Yusto wa Chumba Namba Tano

Bertilla alikisikia kicheko cha baba yake akiwa bado kwenye korido ya hospitali, akashangaa. Mzee Zenon hakuwa mtu wa kucheka hovyo. Huko kijijini kwao Mwazye watu walikuwa wakitania kwamba mzee yule huchekea tumboni, nje hutoa kikohozi tu. Na sasa, akiwa amelazwa chali na mguu wake uliovunjika umevutwa kwa kamba yenye uzito, alikuwa anacheka mpaka kitanda kinalia.

Halafu akaisikia sauti ya aliyekuwa akimchekesha, na chupa ya uji ikataka kumponyoka.

Aliijua sauti ile vizuri mno. Ndiyo iliyokuwa ikimbembeleza kwenye simu, ikimwambia avumilie, baba atakubali tu, mapenzi yao hayana haraka. Ila leo ilikuwa inaongea Kifipa, tena kile kilichonyooka cha watu wa mashambani. Mwenyewe alimwambia zamani kwamba alijifunza utotoni kwa wateja wa dukani kwao. Bertilla aliusukuma mlango wa chumba namba tano bila kubisha hodi.

Baba yake alikuwa ameegemea mito, macho yanamtoka machozi ya kicheko. Pembeni ya kitanda, rimoti ya televisheni mapajani, alikuwa ameketi Shamsi. Alivaa koti la kazi la bluu, na kifuani kwa koti lile palishonwa jina kwa uzi mweupe. YUSTO.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama! Leo Jumatano, umetokeaje? Si huwa unakuja Jumamosi?"

"Malori yamepungua huko mpakani, bosi akaniruhusu." Bertilla alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo forodhani Kasesya. Alisema hayo bila kumtazama baba yake. Macho yake yalikuwa kwenye ule uzi mweupe.

"Basi umekuja wakati mzuri. Huyu ndiye Yusto niliyekwambia kwenye simu, fundi wetu wa televisheni. Yusto, huyu ndiye binti yangu Bertilla."

Shamsi alikuwa ameshasimama. Alimtazama Bertilla kama mtu anayeomba asiumbuliwe, kisha akainamisha kichwa.

"Pole na safari, dada."

Dada! Mdomo ule ulishamwita Bertilla mpenzi, ukamwita malkia, ukamwita roho yangu, lakini dada haukuwahi kumwita. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alijilazimisha kuweka chupa mezani polepole, maana angeifuata hasira yake, uji wote ungeishia kwenye lile koti.

"Asante, kaka," akajibu. "Kaka Yusto."

Mzee Zenon hakugundua kitu. Alikuwa na hamu ya kusimulia.

"Unajua, mama, humu ndani king'amuzi kilikuwa kimoja kwa vyumba vyote. Anachotazama mmoja ndicho tunachotazama wote. Sasa yule mama wa chumba cha jirani anapenda tamthilia za Kituruki. Basi mimi, Mkatoliki mzima, naamka nataka Misa, naletewa wanawake wamejipamba wanalia! Nikamlalamikia huyu kijana. Kesho yake akanitafutia king'amuzi changu peke yangu. Akapanda juu ya bati asubuhi na baridi lote hili, akavuta waya. Sasa napata Misa yangu, napata Rozari yangu ya jioni."

"Hongera, baba."

"Na Rozari ikianza, anakaa hapo hapo. Hapayuki kama vijana wengine, anainamisha kichwa tu, kimya. Siku hizi utampata wapi kijana anayesali kimya kimya?"

"Utampata wapi kweli," Bertilla alisema, na meno yake hayakuachana.

"Nimemwambia kaka yako Lazaro, mtu kama huyu ndiye ningempa binti yangu bila kuombwa mara mbili. Mfipa mwenzetu, mpole, ana kazi mikononi. Siyo yule..." Mzee alipunga mkono kama anafukuza nzi. "Yule mtoto wa Bashiri wa dukani. Lakini si umeshamwacha mwenyewe? Tusimtaje, ataharibu uji."

Hapo Shamsi aliinua uso. Bertilla alitegemea kuona aibu, akakuta kitu kingine kabisa. Kijana alikuwa na hasira.

"Kaka Yusto," Bertilla akasema, "simu yangu inasumbua kuchaji. Njoo uniangalizie hapo nje."

"Nenda, nenda, Yusto!" mzee alihimiza, amefurahi waziwazi, kama mtu aliyetega mtego na kuona kamba imetikisika. "Msiwe na haraka."

Walitokea nyuma ya jengo, kwenye uwanja ambao ndugu wa wagonjwa huanika shuka. Dishi la televisheni lilikuwa limefungwa ukutani, waya zake zinapanda kwenye bati. Upepo wa Sumbawanga ulikuwa unavuma kwa fujo, unazipiga shuka, na Bertilla aliushukuru kwa sababu hakutaka watu wasikie.

"Dada?" alianza.

"Bertilla, nisikilize."

"Umeniita dada, Shamsi! Mbele ya baba yangu, umekaza macho, umeniita dada! Na hilo jina umelitoa wapi?"

"Koti ni la fundi aliyekuwepo kabla yangu, amehamia Mpanda. Nimepata kibarua hapa juzijuzi, Jumamosi sipo, hospitali wakanipa nilivae. Siku ya kwanza naingia chumbani, mzee akasoma kifuani, akaniita Yusto. Akanisalimia kwa Kifipa, nikajibu kwa Kifipa. Akaniuliza natoka parokia gani."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nakaa mjini."

"Mungu wangu! Kwa hiyo hukudanganya, ulizunguka tu!"

"Nilijua ni baba yako. Jina liko kwenye karatasi ya kitandani. Nikasema, leo nirekebishe televisheni nitoke, kesho nitamwambia. Kesho yake nakuta ameniwekea chai. Anasema mwanangu, kunywa kwanza, kuna baridi. Bertilla, mtu huyu alimrudisha mshenga wangu hata maji hajanywa. Alisema hataki hata kuniona sura. Leo sura ile ile anaipa chai. Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia kwenye jina lako!"

"Angenifukuza."

"Basi akufukuze! Angalau angekuwa amemfukuza mtu aliyeko! Sasa hivi unajua umefanya nini? Umemfanya baba yangu bwege. Mgonjwa, mguu umefungwa kwenye kamba, hana hata pa kukimbilia. Anasali anakuhesabu ni mwenzake. Unainamisha kichwa! Ulikuwa unafanya nini ukiinamisha kichwa?"

"Nilikuwa nanyamaza. Mtu anamwomba Mungu, nitapiga mluzi? Sikuigiza kitu chenu hata kimoja. Sijagusa rozari yake, sijafanya alama ya msalaba. Nilikaa kwa heshima, yeye akajaza mengine."

"Na wewe ukamwachia ajaze."

"Ndiyo. Nikamwachia." Sauti ya Shamsi iliacha kujitetea, ikabaki kavu. "Umemaliza?"

"Sijamaliza!"

"Basi pumzika kidogo, na mimi nikuulize moja tu. Yule mtoto wa Bashiri wa dukani, ulimwacha lini?"

Shuka moja ilichomoka kwenye kamba ikaangukia majani. Hakuna aliyeiokota.

"Shamsi..."

"Nauliza. Maana mimi sikupata taarifa. Kila siku tunaongea kwenye simu, unaniambia unanipenda, unaniambia tusubiri baba apone. Kumbe nimeshaachwa. Unajua nimejulia wapi? Pale pale chumbani, nimeshika bisibisi, baba yako anamshukuru Mungu kwa sauti kwamba amemwondolea binti yake janga. Janga lenyewe limesimama kwenye stuli linakaza skrubu. Nikaitikia amina."

"Uliitikia amina?"

"Ningeitikia nini?"

Siku nyingine Bertilla angecheka mpaka ashike mbavu. Leo kicheko kilifika kooni kikageuka maumivu, na maumivu yakageuka hasira tena.

"Alikataa kuingia chumba cha upasuaji!" alipiga kelele. "Hukuwepo wewe. Manesi wamesimama na kitanda mlangoni, yeye kashika mlango. Anasema hafi akijua mimi nimepotea, watoto wangu hawatabatizwa. Anasema nitamke mbele ya kaka zangu kwamba nimekuacha, la sivyo arudishwe Mwazye na mguu wake vile vile. Ningefanyaje?"

"Ungetamka. Halafu ungeniambia."

"Nikuambie nini?"

"Kwamba umetamka! Mwanaume anastahili kujua ameachwa, hata kama ni kwa uongo." Sauti ya Shamsi ilikatika, akageuza uso ukutani. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu. "Mama yangu anataka nimwoe Munira, binti ya rafiki yake. Nilimwambia wazi, mama, nampenda Bertilla, Mfipa wa Mwazye, anasali kanisani. Nikataja kila kitu. Tangu siku hiyo mama yangu, bi Kulsumu, hali na mimi meza moja. Akinipita anasema astaghafiru. Lakini anakujua. Kwetu upo, Bertilla. Unachukiwa, lakini upo. Kwenu mimi nilishazikwa, na aliyenizika ni wewe."

Maneno yale yalimwingia Bertilla. Alitaka kumshika mkono na alitaka kumpiga kofi, vyote kwa wakati mmoja, na hakufanya hata kimoja. Aliyapenda macho yale. Aliyapenda hata sasa, yakiwa yamemkasirikia kiasi kile, na hilo ndilo lililomzidishia uchungu.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Kwa baba."

"Sasa hivi? Bertilla, presha yake ilipanda juzi. Tungoje apone."

"Nimechoka na hiyo presha! Tumeilea kama mtoto mchanga, tunatembea kwa vidole isiamke. Kwa ajili yake nimekuzika, kwa ajili yake umejiita Yusto. Tukingoja apone tutakuta unabatizwa!"

Walirudi. Chumbani Rozari ilikuwa imeshaanza kwenye televisheni, na Mzee Zenon alikuwa na shanga zake mkononi. Aliwaona wakiingia pamoja, akatabasamu, akaonyesha kiti kwa kidevu.

"Kaa, Yusto, tumeshaanza."

Bertilla alichukua rimoti mezani, akazima.

Nyumbani kwao Mwazye mtu angeweza kuvunja sahani, angeweza hata kurudi amelewa, lakini hakuna aliyewahi kumkatiza Mzee Zenon kwenye Rozari.

"Washa," mzee alisema kwa upole wa kutisha.

"Nitawasha, baba. Nisikilize kwanza. Huyu siyo Yusto. Huyu ni Shamsi, mtoto wa Bashiri. Ndiye aliyetuma mshenga, ukamrudisha." Alisogea karibu na kitanda. "Na mimi sikumwacha. Nilikudanganya siku ile ili uingie chumba cha upasuaji. Nampenda, sijaacha kumpenda hata siku moja."

Mzee alimgeukia Shamsi taratibu. Akamuuliza kwa Kifipa kama ni kweli. Shamsi akajibu, kwa Kifipa, kwamba ni kweli.

"Usiniongeleshe lugha yangu!" mzee alinguruma kwa Kiswahili, na uzito uliofungwa mguuni ukayumba. "Mwizi! Umeingia humu kama mwizi!"

"Mzee, naomba radhi. Nilitaka kusema siku ya kwanza."

"Ulitaka! Nimekuuliza habari za kwenu, ukanijibu baba yako ni mfanyabiashara. Nimekupa chai yangu! Nimekusimulia marehemu mke wangu, mambo ambayo hata hawa watoto sijawasimulia! Mlikuwa mnanicheka, siyo? Jioni mnapigiana simu mnanicheka!"

"Hakuna aliyecheka, baba," Bertilla alisema.

"Mimi nilicheka! Tangu mama yako afariki sijacheka hivyo, na nimecheka kwa ajili ya muongo!" Machozi yalimlenga mzee, na kwa kuwa hakutaka yaonekane, aliipokonya ile rimoti mkononi mwa binti yake akaibamiza ukutani. Betri zikabiringika chini ya kitanda.

Nesi Monika akachungulia mlangoni. "Mzee Zenon, presha jamani."

"Presha ni yangu mwenyewe! Funga mlango!"

Nesi akaufunga, yeye akiwa nje.

"Ondoa televisheni yako," mzee alimwambia Shamsi. "Ondoa na hicho king'amuzi. Sitaki kitu chako chochote humu. Heri nitazame ukuta."

"Mzee..."

"Ondoa!"

Shamsi alitoa bisibisi mfukoni. Akapanda kwenye stuli, akaanza kufungua skrubu alizozikaza mwenyewe. Ukutani kwa jirani ile tamthilia ya Kituruki ilikuwa inaendelea, mwanamke fulani analalamika kwa Kiswahili kizuri kwamba amesalitiwa. Mzee Zenon aliitazama kila skrubu ikitoka. Skrubu ya chini ilikataa, na televisheni ikaanza kuinama upande mmoja.

Bertilla alikwenda akaishika kwa chini.

"Acha," baba yake alisema. "Abebe mwenyewe."

"Hapana, baba."

"Bertilla, nimesema acha!"

"Nimesikia. Na mimi nimesema hapana." Hakuwahi kumjibu baba yake hivyo tangu azaliwe, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Alikosea, na nimemgombeza, na nitamgombeza tena. Lakini mimi nilikudanganya kabla yake. Mbona hunifukuzi mimi? Baba, ulisema wewe mwenyewe, mtu kama huyu ungempa binti yako bila kuombwa mara mbili. Ulimpenda kwa mikono yake, kwa upole wake, kwa kukaa na wewe siku ambazo sisi watoto wako hatupo. Koti tu ndilo lilikuwa la mwingine."

"Na dini yake? Na watoto wenu?"

"Hayo ni ya kukaa na kuzungumza, na tuko tayari tuzungumze mpaka kwa paroko. Lakini uzungumze na mtu, baba, siyo umrudishe mshenga mlangoni. Nitaolewa na Shamsi, au siolewi. Sikudanganyi tena, hata kama umeshika mlango wa upasuaji. Kama ni kunikasirikia, nikasirikie. Nipo."

Skrubu ikatoka. Walishusha televisheni pamoja, yeye upande huu na Shamsi upande ule, wakaenda nayo kuelekea mlangoni. Nyuma yao palibaki ukuta mweupe wenye matundu. Shamsi alikuwa analia bila sauti, na hakuweza kujifuta kwa sababu mikono yote ilikuwa kwenye mzigo.

"We Shamsi!"

Walisimama.

"Unakwenda wapi?"

"Umesema niondoke, mzee."

"Nimesema televisheni iondoke. Wewe nani amekwambia uondoke?" Mzee Zenon alikuwa anahema, kifua kinapanda na kushuka, uso umekunjamana kwa hasira. "Mnidanganye wote wawili, halafu mtoke mkapumzike, mniache mimi na matundu ya ukutani? Nimgombeze nani humu? Nesi?"

Shamsi aliegemeza upande wake wa televisheni kwenye goti.

"Leo nimechoka, sauti inanikauka. Kesho asubuhi uje. Uje wewe mwenyewe, mtoto wa Bashiri, ukae kwenye kiti hicho nikugombeze vizuri, moja baada ya jingine. Na usinyamaze kimya kama ulivyozoea. Ujibu."

"Nitakuja, mzee."

"Utanijibu lugha yoyote, mradi iwe kweli."

"Sawa, mzee." Shamsi alisitasita. "Na ukichoka kunigombeza?"

"Sijui," mzee alisema, akageuza uso ukutani. "Sijawahi kuchoka."

Nje kwenye korido waliiweka televisheni chini taratibu, wakatazamana kwa mara ya kwanza bila mtu katikati. Shamsi alinyoosha mkono amshike Bertilla shavu. Bertilla aliusukuma ule mkono, halafu, kabla haujafika mbali, akaushika kwa nguvu zake zote.

"Unafikiri ni kweli?" Shamsi aliuliza kwa sauti ndogo. "Kwamba hachoki?"

"Mimi nimerithi kwake," Bertilla alimjibu, machozi yanamtiririka, mkono hajauachia. "Keti hapo chini, Shamsi. Hata mimi sijamaliza."